Nesi Alisema Amenenepa

Handeni, Jumamosi, baada ya swala ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Kuulizana hali hakuna haja, kwani nakusikia kutoka hapa ukipiga pasi nguo zako na kumwambia mdogo wako asiguse waya. Mambo ya chandarua, ya kuanika nguo mahali pa jua, ya kutokula chipsi kila siku, shangazi zako wamekwisha kukueleza na wataendelea kukueleza mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na siwezi kulisema kwa mdomo bila kupandisha sauti. Ndiyo maana naandika.

Jumapili iliyopita bibi yako alipokuja kukuaga, wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Alikaa kwenye mkeka, nikampa chai, akaanza kukusifu.

"Huyu mjukuu wangu unesi kazaliwa nao," akasema. "Alikuwa darasa la tano tu, akatusomea karatasi ya zahanati ya mdogo wake mwanzo mpaka mwisho. Hata yale maneno ya kidaktari hakukwama."

Nikamuuliza, "Karatasi ipi, mama?"

"Si ile ya rufaa. Mimi na macho haya ningeisoma wapi? Tulikaa kwenye gogo pale njiani, akanisomea. Jioni akamsomea na baba yake."

Akaendelea kunywa chai yake. Hakujua amesema nini. Nikamwongezea sukari ambayo hakuiomba.

Unajua naandika shajara tangu nikiwa kidato cha pili kule Korogwe. Kila siku mistari mitano au sita, tarehe juu, siku ya wiki pembeni. Baba yako huyaita madaftari yale mafaili ya mahakama. Bibi yako alipoondoka nilishusha daftari la mwaka ule kutoka juu ya kabati, nikatafuta siku ya kliniki ya mwaka na nusu. Siku hiyo mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa Mkumbara, nikimuuguza mama yangu aliyevunjika nyonga, na nilikuacheni na mtoto kwa wiki mbili. Nimeandika hivi: "Nimepiga simu jioni. Baba Zuhura anasema kliniki wamekwenda, chanjo kapata, hakuna neno. Zuhura kachukua simu, kaniamkia. Nimemuuliza nesi alisema nini. Kasema, nesi alisema amenenepa."

Mstari huo nimeupitia mara nyingi kwa miaka saba. Niliupenda. Siku ile ile nilimsomea mama yangu kitandani, akacheka mpaka akashika nyonga, akasema mjukuu wake ana majibu ya kitu kizima.

Haukuwa uongo. Alikuwa amenenepa kweli.

Kabla sijafika kwako, niseme yangu, maana yangu yalitangulia.

Mdogo wako alipozaliwa, babu yako alikuwa amemaliza arobaini tu tangu azikwe. Mtoto akapewa jina lake, Rajabu, na ukoo mzima ukafurahi kwamba mzee amerudi. Lakini kwetu Usambaani kama huku kwenu Uziguani, mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe kaburini. Kwa hiyo mimi nilimwita Baba. Bibi yako alimwita mume wangu. Baba yako alimwita Mzee. Wewe ulimwita Babu, kwa utani, ukimbeba kiunoni. Mtoto mmoja alikuwa na majina manne, na lile lililoandikwa kwenye kadi yake hakuna aliyelitumia ndani ya nyumba.

Siku ya chanjo ya surua, ya miezi tisa, nesi aliniuliza, "Mama, ukimwita jina lake anageuka?"

Nikamwambia, "Simwiti jina, sista. Huyu ni mkwe wangu."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja Mzigua akadakia, "Msambaa huyo, sista, aibu itamuua. Mwite wewe, sisi tunamshikia masikio mkwewe."

Nesi akaita Rajabu, Rajabu. Mtoto alikuwa akitazama ndoano ya mizani inavyozunguka. Hakugeuka. Nikasema atajuaje kama ni yeye anayeitwa, na hajawahi kuitwa hivyo. Nesi naye akacheka, akamdunga sindano, akaita mtoto mwingine. Usiku huo niliandika: "Hageuki kwa jina. Sababu: hatumwiti." Niliandika ile sababu kana kwamba kuna mtu aliyeipima.

Mimi ni fundi wa kushona, nimezoea kupima mara mbili ndipo nikate. Kwa hiyo nilipima. Alipokuwa na miezi kumi nilisimama nyuma yake na karatasi ya biskuti, nikaikunja taratibu. Akageuka. Nikaangusha kifuniko cha kopo. Akageuka. Nikasema, Baba. Kimya. Nikasema mume wangu, kwa sauti ya bibi yako. Kimya. Nikaandika: "Masikio mazima. Sauti zetu hazimgeuzi." Nikafunga daftari nikaenda kuinjika ugali.

Kosa langu liko hapo, Zuhura. Nilidhani nikishaandika nimekwisha kufanya. Daftari halikwenda zahanati. Halikumwonyesha mtu yeyote kitu. Nimepata kuyasoma madaftari upya wiki hii, na yote yamo, kwa tarehe zake. Kwamba alipopata mwaka alikuwa hapungi mkono, na siku ya maulidi nilimshika kiganja nikaupunga mkono wake mimi mwenyewe, nikasema anawaaga huyo, wageni wakapiga vigelegele. Kwamba wewe ulimwonyesha mbuzi wa Wamasai wakipita barabarani, ukamwambia, "Babu, ona, ona kule," naye akatazama kidole chako, wala si mbuzi. Kwamba alipotaka maji hakunyoosha mkono kuonyesha jagi; alinishika kifundo cha mkono akaupeleka mkono wangu kwenye jagi, kama mtu anavyoshika mwiko. Kwamba alikuwa na neno moja, "maa," la maji, akalisema kwa wiki tatu, kisha likaondoka. Nimeandika siku alipolisema mara ya mwisho, ila sikujua kuwa ni ya mwisho.

Na hili ambalo sikulipa uzito hata kidogo: alicheka, na alikuwa na kicheko kizuri, lakini alicheka peke yake. Wewe ulipokuwa na umri ule, kitu kikikufurahisha ulinitazama kwanza, uone kama na mimi nimekiona. Yeye hakunitafuta. Niliandika, "Huyu hana deko, atakuwa mwanamume wa kujitegemea."

Watu saba waliniambia watoto wa kiume huchelewa kusema. Nimewaandika majina.

Sasa kuhusu ile karatasi. Unajua kwamba niliipata, ila hujui nilivyoipata. Rajabu alikuwa amepita miaka minne, wewe umeingia kidato cha kwanza. Nilikuwa natafuta cheti chake cha kuzaliwa nikamwandikishe shule ya awali, nikafungua faili la plastiki ambamo baba yako anaweka karatasi za shamba. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Nesi alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kiswahili kizuri, kwamba mtoto hageuki akiitwa, haonyeshi kwa kidole, hamtazami mtu usoni, amepoteza neno alilokuwa nalo, apelekwe hospitali apimwe masikio na ukuaji. Mwisho alipiga mstari chini ya maneno haya: apewe mama yake.

Nilimwekea baba yako mezani juu ya sahani yake. Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia, kwenye faili la shamba.

Akasema, "Mama Zuhura, mzee alikuwa bado mbichi kaburini. Ukoo ungesema jina limemkataa mtoto. Wangemvua jina wakampa mwingine."

"Kwa hiyo mlilinda jina."

"Tulimlinda mtoto."

"Na nani? Na mimi?"

Nikamuuliza nani mwingine alijua. Akasema, "Mimi na mama tu." Alikukinga. Hilo nalo nimelijua Jumapili.

Miaka miwili na nusu, Zuhura. Najua karatasi ile isingemwondolea Rajabu usonji. Daktari wa hospitali ya mkoa, mama mmoja mpole, alimweka sakafuni na vifuniko vya chupa, akakaa naye pale chini muda mrefu bila kusema neno. Kisha akatuambia kwamba hakuna aliyemroga, hakuna chanjo iliyomdhuru, wala si malezi yangu. Mtoto amezaliwa akili yake ikifanya kazi kwa namna yake, na kuna namna ya kumfundisha. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Mbona mmechelewa kumleta? Mngekuja akiwa na mwaka na nusu tungeanza mapema." Baba yako akatazama viatu vyake. Mimi nikasema, "Hatukujua, daktari." Nikamjumuisha na yeye katika kutojua kwangu.

Kinachoniuma ni miaka ile miwili na nusu nilivyoiishi. Alipoziba masikio na kupiga kelele mbele ya mashine ya kusaga, nilimfinya. Alipopanga viatu vya wageni mstari mmoja mlangoni na kulia mtu akivivaa, nilimchapa kwa ukaidi. Aliponipita kana kwamba mimi ni nguzo ya nyumba, niliwahi kumwambia, na nimeliandika kwa aibu, "Wewe mtoto huna moyo." Nilimwadhibu kwa jambo lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi imo ndani ya nyumba yangu, hatua nne kutoka kitandani kwangu. Na mara nyingi ulikuwapo. Ulikuwa ukimchukua mikononi mwangu, unampeleka nyuma ya nyumba kumbembeleza. Niliandika, "Zuhura ana huruma kwa mdogo wake." Sikujua kwamba una siri pia.

Nimekaa na hasira wiki nzima, nikikupikia na kukushonea, na nimejaribu kuipanga kama ninavyopanga vitambaa. Mtoto wa darasa la tano aliyeambiwa na bibi yake na baba yake asiseme, sina la kumdai. Ningekuwa mimi ningenyamaza vilevile. Kwetu mtoto hawavui nguo wakubwa. Yule aliyeniambia nesi alisema amenenepa, nimemtazama toka kila upande, na nimemwachia. Alikuwa amesimama pembeni ya baba yake, simu ni ya baba yake, akatafuta neno moja la kweli ambalo halitamponza mtu. Hata napenda kidogo akili yake.

Aliyenisaliti ni yule wa stendi ya Korogwe.

Baada ya kuipata karatasi nilimchukua Rajabu nikarudi kwetu Mkumbara, nikakaa miezi miwili. Sikuwa na nia ya kurudi. Ndugu zangu walikuwa wamekwisha kunitafutia chumba Mombo, barabarani, niweke cherehani yangu pale mabasi yanaposimama. Siku moja ukaja na gari la asubuhi, tukakutana Korogwe stendi, wewe ukiwa na sare ya shule na mfuko wa machungwa.

"Mama, rudi," ukasema. "Baba hali vizuri."

"Baba yako ana mikono."

"Hata bibi anakuulizia."

"Aulize faili."

Ukacheka kidogo, kisha ukalia. Nilikufuta kwa kanga yangu. Ndipo nikakuuliza, na niliuliza polepole kwa kuwa niliogopa jibu, "Zuhura, wewe ulijua habari ya ile karatasi?"

Ukamtazama Rajabu. "Karatasi gani?"

"Ya zahanati."

"Hapana, mama. Ningejuaje?"

Ukaanza kumenya chungwa, ukampa mdogo wako kipande kimoja kimoja, mpaka likaisha. Jioni niliandika: "Zuhura hakujua. Alhamdulillahi, katika nyumba ile mmoja ni wangu." Siku tatu baadaye nilifunga mizigo nikarudi Handeni. Nilirudi kwa sababu ya mstari huo. Si kwa sababu ya baba yako, ambaye mpaka leo namheshimu kwa kazi yake na kumpakulia chakula, lakini kitu anachoniambia nakipima kwanza. Nilirudi kwa kuwa niliamini kuna mtu mle ndani ambaye, siku nyingine wakinificha jambo, ataniambia.

Sasa unaona umenichukulia nini. Miaka yote minne ya sekondari, kila nilipokaa na wewe kumfundisha Rajabu kuonyesha kwa kidole, mimi nikishika mkono na wewe ukishika kikombe, nilikuwa nikikaa na mtu niliyedhani namjua. Ulinisaidia kuliko mtu yeyote. Ni wewe uliyegundua kwamba ukimwimbia jina lake badala ya kumwita, anageuka. Siku alipogeuka nilikutazama wewe kabla sijamtazama yeye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulitamka jina lile, nikiomba radhi kwa marehemu kila asubuhi, na ulikuwa ukinicheka: "Mama, babu amekwisha kuzoea huko aliko." Nyakati hizo zote mdomo wako ulikuwa wazi, na lile neno hukulitoa. Nataka kujua lilikuwa linakaa wapi.

Kesho unakwenda Dodoma kujifunza kazi ambayo siku moja itakuweka upande wa pili wa lile benchi. Utamuuliza mwanamke kama mtoto anageuka akiitwa, naye atacheka, atakuambia habari za wakwe, au kwamba baba yake naye alichelewa kusema, au kwamba mtoto ana aibu na wageni. Mwache acheke mpaka amalize. Halafu uliza tena. Kisha mweke mtoto chini utazame kwa macho yako, kwa kuwa sisi akina mama hatusemi uongo, tunasema kile tunachoweza kukibeba kufika nacho nyumbani. Na ukiandika barua ya rufaa, usiifurahie kwa kuwa umeiandika vizuri. Yule nesi aliandika vizuri kuliko watu wote niliowahi kuwasoma, akapiga na mstari, lakini akaikabidhi mkono mwingine. Mtafute mama. Ikibidi usubiri wiki mbili arudi kutoka Mkumbara, msubiri. Mimi ningerudi siku ile ile, hata kwa lori la mkonge.

Utakuwa nesi mzuri. Nasema hivyo nikiwa na hasira, kwa hiyo ujue ni kweli.

Lakini sijakusamehe. Nimelijaribu neno hilo wiki nzima na haliji, na sitaki kukupa kesho stendi, mbele ya shangazi zako, kitu ambacho sina. Naweza kukupa nauli, kanga mbili, dua, na mkono wangu. Hivyo utavipata hata usipofanya ninalokuomba, wala sitamwambia baba yako kitu wala kukupunguzia. Ila ukiondoka hivihivi utakuwa umeondoka na hilo jambo likiwa bado kati yetu, na mimi nitaendelea kusoma barua zako na ujumbe wako kama ninavyosoma mstari ule wa kliniki, nikitafuta kilichoachwa.

Usiniandikie jibu. Barua ninazo za kutosha. Nataka uniambie kwa mdomo wako: karatasi ilisemaje ulipoisoma, walikuambia nini, uliogopa nini, na pale Korogwe, nilipokuuliza, ulikuwa unamkinga nani. Usianze na kulia, maana ukilia nitakubembeleza na hatutafika. Sitakukatiza. Sitaandika.

Baba yako amekwenda kukata tiketi yako na ataswali magharibi huko huko mjini. Barua hii nampa Rajabu akuletee. Atakuwekea mkononi bila kukutazama, usimrudishe. Mimi niko uani nachambua mchele. Njoo kabla baba yako hajarudi.

Mama yako,
Halima